Pumzi imerudi, mfupa bado: kutoka ufa wa ugoko hadi kilomita 21

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nina miaka 31, naishi Uyole, Mbeya. Nimekuwa nikikimbia kilomita 10 na klabu yetu ya joging, muda wangu mzuri ni dakika 48. Mwezi wa pili nilianza kuumwa ugoko wa kushoto, upande wa ndani, nikaendelea kukimbia hadi nikawa nachechemea. Kipimo kikaonyesha mfupa una ufa. Nimepumzika karibu miezi minne, na mwezi huu wa Julai daktari amesema umeunga. Wiki iliyopita nilikimbia kilomita 6 na wenzangu. Pumzi ilikuwepo, sikuumwa hata kidogo, ila kesho yake asubuhi nilipopabonyeza palepale pakauma. Huwa nakimbia saa 11 alfajiri kabla ya kunywa chai, nakula saa 4, na tangu niumie nimepunguza ugali nisinenepe. Nataka kukimbia 21 kule Moshi mwishoni mwa Februari, halafu baadaye 42. Inawezekana? Naanzaje?

Jibu

Dada, pole sana, na hongera kwa kukaa miezi minne bila kukimbia. Hapo ndipo wengi hushindwa. Kilomita 21 za Moshi zinawezekana. Kuanzia sasa hadi mwisho wa Februari una wiki zipatazo 32, na mtu anayetoka kwenye ufa wa ugoko anahitaji wiki kama 28 ili afike kwenye nusu marathoni akiwa mzima. Una akiba ya wiki nne hivi, na zile kilomita 6 ulizokimbia na wenzako zimeshakula moja.

Katika yote uliyoandika, hayo maumivu ya kesho yake asubuhi ndiyo makubwa kuliko yote. Misuli ikichoka huuma sehemu pana na huisha ukipasha. Mfupa unaolalamika huuma mahali pamoja, padogo, panapofunikwa na ncha ya kidole gumba, na mara nyingi hukaa kimya wakati wa kukimbia ukasema kesho yake. Daktari anaposema umeunga, anamaanisha ufa umeziba na unaweza kutembea, kupanda daladala na kusimama darasani. Hajasema kwamba mfupa uko tayari kugongwa mara 500 kwa kila kilomita, maana hiyo ndiyo idadi ya hatua ambazo mguu mmoja hutua ukikimbia taratibu.

Mfupa hujikarabati kwa namna mkandarasi anavyokarabati barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia: kwanza anakwangua lami iliyochakaa, ndipo anamwaga mpya. Kukwangua huchukua wiki tatu hivi. Kujaza na kukaza huchukua miezi mitatu na zaidi. Katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi, na ndiyo maana ufa wa aina hii hutokea hasa kwa mtu aliyeongeza mazoezi ghafla wiki chache nyuma. Wakati huohuo moyo na mapafu hurudi ndani ya wiki tatu hadi sita tu. Kwako wewe unayeishi juu ya mita 1,700 tofauti hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mwili uliozoea hewa nyepesi unakupa pumzi ya kukimbia kilomita 10 muda mrefu kabla ugoko haujawa tayari kwa kilomita 3. Kwa miezi mitatu ijayo usiulize pumzi. Uliza ugoko.

Kabla ya hatua ya kwanza

Acha kukimbia kuanzia leo mpaka ukibonyeza pasiume kwa siku tano mfululizo. Kila asubuhi, kabla hujashuka kitandani, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa ugoko kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti, ukikandamiza kwa nguvu ileile kila siku. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili ili ujue ipi ni kawaida yako.

Pasipouma tena, jipime mambo matatu. Tembea kwa kasi dakika 40, siku tatu ndani ya wiki moja, bila maumivu wakati huo wala kesho yake. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake, ushike ukuta kwa kidole kimoja, ujiinue kwa vidole vya mguu mara 20. Kama wa kulia unafika 25 na wa kushoto unakomea 12, bado. Mwisho, ruka kwa mguu wa kushoto mara 10 papo hapo, kwenye nyasi. Maumivu yoyote mahali pale yanamaanisha subiri wiki moja ujaribu tena.

Kuna jambo moja la kumuuliza daktari wako: ufa ulikuwa upande gani hasa wa mfupa? Ukingo wa ndani, kwa nyuma, huunga vizuri, na maelezo yangu yote yanahusu huo. Ufa wa mbele katikati ya ugoko ni mwingine kabisa. Huunga kwa shida na unaweza kuvunjika moja kwa moja. Kama ndio huo, usifuate ratiba hii, rudi kwa daktari wa mifupa akusimamie mwenyewe. Vilevile usitulizwe na eksirei safi. Ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kipimo cha MRI ndicho kinachouona mapema.

Kutembea na kukimbia

Unakimbia mara tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pana angalau siku moja ya kupumzisha mfupa. Kila mara unaanza kwa kutembea dakika 5. Wiki ya kwanza na ya pili, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara nane. Ndiyo, ni dakika 8 tu za kukimbia, na utaona aibu mbele ya wenzako. Wiki ya tatu, kimbia 2 tembea 1, mara nane. Ya nne, kimbia 4 tembea 1, mara tano. Ya tano, kimbia 8 tembea 1, mara tatu. Ya sita, dakika 25 mfululizo. Wiki ya saba na ya nane unaongeza siku ya nne, dakika 30 kila siku, isipokuwa moja inayofika 40.

Kasi iwe ile ambayo unaweza kusimulia kisa kizima bila kukatika. Kwa mtu wa dakika 48 kwenye kilomita 10, hiyo ni kama dakika 6 na sekunde 15 hadi 45 kwa kilomita, na huko kwetu milimani usishangae ikifika 7. Watu wengi hupunguza umbali lakini wanabaki na kasi yao ya zamani, wakidhani kilomita 3 za haraka ni nafuu kuliko 5 za taratibu. Mfupa hauhesabu hivyo. Nguvu ya kila kishindo inauchosha zaidi kuliko idadi ya vishindo, kwa hiyo umbali hurudi kwanza, kasi baadaye.

Hesabu pia hatua zako. Kimbia taratibu, tazama saa, uhesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa sekunde 30. Ukipata 40, maana yake ni hatua 160 kwa dakika. Jaribu kufikisha 42 kwa kasi ileile, yaani hatua fupi kidogo zinazotua chini ya mwili badala ya mbele yake. Mabadiliko hayo madogo hupunguza mzigo kwenye ugoko na goti. Usilazimishe 45 kwa sababu tu umesikia wakimbiaji wakubwa wana hatua 180; wao wanakimbia kasi nyingine.

Ukisikia maumivu mahali pale wakati wa kukimbia, simama palepale utembee kurudi nyumbani. Ukiyasikia kesho yake kwa kubonyeza tu, pumzika mpaka yaishe, kisha siku mbili zaidi, urudi hatua moja nyuma. Yakikuamsha usiku, acha kabisa uende hospitali. Kwa kano au misuli huwa naruhusu maumivu madogo, kama 3 kwa 10. Kwa mfupa, ruhusa ni sifuri.

Na tafadhali usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili umalize mazoezi. Duka la dawa watakuuzia bila maswali, na zitakuondolea ishara pekee uliyonayo. Kwenye mbio ndefu, hasa mwili ukipungukiwa maji, dawa hizo huumiza figo pia.

Milima yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ratiba nyingi zinazosambazwa kwenye simu zimeandikwa kwa watu wa tambarare. Kupanda ni rafiki yako. Mguu unatua karibu na mwili, kishindo ni kidogo, na moyo unafanya kazi kubwa kwa kasi ndogo. Adui ni mteremko. Ukishuka kwa kukimbia, mwili huanguka kutoka juu zaidi kila hatua na mguu unafanya kazi ya breki. Kwenye mteremko mkali kishindo kinaweza kuongezeka kwa zaidi ya nusu. Uyole kila unakotoka ni kupanda au kushuka, na mtu akirudi nyumbani kwa kuteremka huwa amechoka tayari, ndipo anapoachia miguu igonge.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza kanuni ni hii: panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea. Bora zaidi, tafuta mita 400 hadi 800 za tambarare kwenye njia za mashambani au kiwanja cha shule chenye nyasi fupi, uzunguke hapo, hata kama inachosha akili. Nyasi ndefu zinazoficha mashimo ziache. Barabara ya vumbi iliyoshindiliwa ni nzuri kuliko lami, lakini lami tambarare ni afadhali kuliko vumbi lenye mteremko na mawe. Ukingo wa lami umeinamia mtaroni, na ukikimbia hapo kila siku mguu mmoja unatua chini kuliko mwenzake; wiki ya kwanza huoni kitu, wiki ya nne unaona. Halafu hiyo barabara kuu ina malori ya Tunduma usiku na mchana. Saa 11 alfajiri gizani si mahali pa kutazama unapokanyaga. Sogeza mazoezi yaanze kukishapambazuka, kukiwa na mwanga.

Baridi ya Julai pia ina sehemu yake. Kano na vigimbi vilivyoganda huvuta mfupa vibaya, kwa hiyo zile dakika 5 za kutembea ziwe 10 asubuhi yenye ukungu, na vaa suruali ndefu.

Siku usizokimbia una kazi nyingine nzuri: baiskeli dakika 40, au kupanda kilima kwa kutembea haraka. Nusu saa ya kutembea kwa kasi kwenye mwinuko mkali hupandisha mapigo ya moyo sawasawa na kukimbia tambarare. Wanaoishi mjini chini ya mlima Loleza wana kiwanja cha bure cha mazoezi hayo, mradi kushuka kuwe taratibu.

Chakula, na swali ambalo sina budi kuliuliza

Samahani, dada, lakini ni lazima niulize: siku zako za hedhi zinakuja kama kawaida? Kama zimekosa miezi mitatu, au zimekuwa chache na za kuruka tangu ulipoongeza mazoezi, hiyo ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kulingana na kazi unayoufanyisha. Mwili wenye njaa huzima uzazi kwanza, na homoni zilezile zinazopungua ndizo zinazolinda mfupa. Hapo hakuna ratiba ya mazoezi itakayokusaidia. Kwanza daktari, na kwanza chakula. Ukiwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, damu inayotoka kila mwezi haithibitishi kitu, maana inaletwa na vidonge. Na kama unatumia ile sindano ya miezi mitatu, fahamu kwamba hupunguza uzito wa mifupa kwa muda unaoitumia. Usiiache kimyakimya; mweleze mhudumu wa kliniki kwamba umepata ufa wa mfupa, mzungumze njia nyingine.

Kupunguza ugali wakati mfupa unaunga ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linatokana na hofu inayoeleweka. Lakini ujenzi wa mfupa unataka nguvu na protini. Kukimbia tumbo tupu saa 11 kisha kukaa mpaka saa 4 kunaupa mwili karibu saa tano za njaa juu ya njaa ya usiku, kila siku ya mazoezi. Kula ndizi mbivu moja au kipande cha mkate na chai yenye sukari kabla ya kutoka, na ndani ya saa moja baada ya kurudi kula chakula kamili: uji wa ulezi wenye maziwa na mayai mawili, au viazi na maharage. Ukiona huwezi kupika kabla ya kwenda shule, pika jioni.

Kwa kalsiamu lenga angalau miligramu 1,000 kwa siku, na katika kipindi hiki cha kuunga 1,300 si nyingi. Glasi moja ya maziwa au mtindi ina kama 300. Nyanda za juu kusini hatuna shida ya maziwa, na usipa wa Ziwa Nyasa unaoletwa kutoka Kyela ni hazina, kwa sababu unaliwa mzima na mifupa yake. Glasi mbili za maziwa, mkono wa usipa, ulezi na mboga za majani vinakufikisha hapo bila kidonge. Jua la kutosha mikononi na miguuni kwa vitamini D. Miezi ya ukungu watu hujifunika mno.

Chai isogeze mbali na mlo. Najua ninasema na watu wa Rungwe na Mufindi wanaoilima, lakini chai ikinywewa na chakula huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na mwanamke anayekimbia mwinuko huu anahitaji chuma kuliko wengine. Kunywa saa moja kabla au baada. Ukichoka isivyo kawaida, pima wingi wa damu kabla ya kulaumu mazoezi.

Vigimbi vyenye nguvu

Kigimbi kina misuli miwili, na ule wa ndani, unaofanya kazi goti likiwa limekunjwa, ndio unaobeba mzigo mkubwa wa kukimbia taratibu na kuusaidia ugoko usipinde. Kwa hiyo kujiinua kwa vidole kufanywe kwa namna mbili: goti likiwa limenyooka, na goti likiwa limekunjwa kidogo. Mguu mmoja, mara 12, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa 3, simama kwenye ngazi ili kisigino kishuke chini ya usawa wa vidole. Ikiwa nyepesi, beba begi mgongoni lenye kilo 5, kisha 10. Dumu la lita 10 lililojaa maji ni kilo 10 kamili. Ongeza kuchuchumaa na kusimama ukiwa na mzigo, na kushuka ngazi polepole kwa mguu mmoja huku ukitazama goti lisiingie ndani. Fanya siku ileile ya kukimbia, jioni, ili siku ya mapumziko ibaki ya mapumziko. Haya hayaachwi ukipona. Ni ya kudumu.

Viatu nitavitaja kwa ufupi. Raba za mitumba za Mwanjelwa zinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ya pembeni, imekufa hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiegemea upande, iache, kwa sababu inabeba mwendo wa mtu mwingine. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Zile zenye bamba la kaboni usizijaribu kwanza, zinahamishia mzigo kwenye mifupa ya unyayo.

Kutoka 10 kwenda 21

Ukimaliza wiki nane bila kelele ya mfupa, ndipo tunaanza kujenga. Wiki ya 9 hadi 12, mbio ndefu ya Jumapili inatoka kilomita 7 hadi 9 na kidogo, na jumla ya wiki inafika 28 hivi. Kanuni ninayoiamini kuliko zote: mbio ndefu ya leo isizidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote uliyokimbia siku 30 zilizopita. Watu hutazama jumla ya wiki, lakini kinachovunja ni ile Jumapili moja ambayo wenzako wameamua kwenda Mbalizi na kurudi ukaona aibu kubaki.

Wiki ya 11 au 12 ongeza kasi kwa mara ya kwanza, na iwe ya kupanda: mwinuko wa wastani, kimbia kwa nguvu sekunde 15, shuka kwa kutembea, mara sita. Mfupa hausikii sana, mguu unakumbuka kazi. Wiki hizohizo anza kurudisha miteremko, mita 200 za mteremko mdogo mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa bado safi.

Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 28 mbio ndefu zinakwenda 10, 11, 12, 13, kisha zinarudi 10, halafu 14, 15, 12, 16, 17, 13, na kuendelea hivyo hadi 19. Ile wiki ya kushuka si uvivu. Jumla ya wiki ifike 40 hadi 45, siku nne au tano za kukimbia. Zoezi la kasi ni moja tu kwa wiki: anza na dakika 8 mara tatu kwa kasi unayoweza kusema maneno manne matano kwa pamoja, ukipumzika dakika 2, baada ya miezi miwili iwe dakika 15 mara mbili. Kwa 21 hilo linatosha. Usifanye mbio za mita 400 za kufa na kupona, hazina kazi hapa. Novemba mvua zikianza na njia za mashamba zikawa utelezi, hamia kwenye lami ya ndani yenye magari machache, ukipunguza umbali wa wiki hiyo kwa robo kwa sababu ardhi imebadilika.

Mbio zikizidi dakika 90, jifunze kula njiani. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Kinywaji cha nyumbani: maji lita 1 yaliyochemshwa, sukari vijiko vikubwa 5 vya kusawazisha, chumvi robo ya kijiko cha chai, maji ya limau ukipenda. Nusu lita yake ina kama gramu 30. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Jaribu tumboni kwako mazoezini, wiki sita kabla. Tumbo lisilozoeshwa hugoma kilomita ya 15. Jioni ya kabla ya mbio ndefu punguza maharage na parachichi, ongeza wali au viazi.

Moshi yenyewe

Ukishuka kutoka Uyole hadi Moshi unashuka karibu mita 900. Hewa itakuwa nzito na nzuri, lakini Februari pale ni joto, na joto linachukua kuliko hewa inavyotoa. Wiki mbili za mwisho kimbia mara tano au sita mchana, saa 8 hivi, taratibu, ukiwa na nguo moja ya ziada, ili mwili ujifunze kutoa jasho mapema. Kunywa kwa kiu, usinywe kwa hofu. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo ni hatari.

Njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka, kisha inarudi kwa kuteremka. Kupanda kutakuwa kwako, umezaliwa nako. Kwenye mteremko wa kurudi ndipo utakapoona watu wakikupita kwa kuachia miguu. Waache. Hatua fupi, hesabu 42 hadi 44 kwa sekunde 30, mwili umeinama mbele kidogo, magoti laini. Kwa msingi wa dakika 48 kwenye 10, saa 1 na dakika 50 ni lengo la haki kwa mara ya kwanza, yaani wastani wa dakika 5 na sekunde 13 kwa kilomita. Kwa sababu nusu ya kwanza ni ya kupanda, kilomita za mwanzo zikikupa 5:35 uko sawasawa.

Na 42?

Si mwaka huohuo. Baada ya Moshi pumzika wiki mbili, kisha kimbia nusu nyingine moja au mbili, ukae miezi sita juu ya kilomita 40 kwa wiki bila ufa wala maumivu, ndipo uanze wiki 18 hadi 20 za marathoni, zenye mbio ndefu za 28 hadi 32 lakini zisizozidi saa 3 na robo. Najua hamu imewaka nchi nzima tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule wa mshindi wa pili. Watu wanakumbuka zile hatua za mwisho. Wakumbuke pia kwamba alikuwa wa tano Rio mwaka 2016 na alipata shaba London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu pana miaka minane.

Kapteni wa joging atakukumbusha John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia. Heshima ya mzee Akhwari ni kubwa na haiguswi, lakini yeye aliumia siku ya mashindano, kwenye Olimpiki, akiiwakilisha nchi. Wewe una ufa unaorudi ukilazimishwa, na mazoezi ya Jumanne. Mwambie kapteni kwamba kuanzia leo unakimbia kwa saa yako, na kwamba kukaa na klabu kwenye kupasha na kunyoosha kunatosha kwa sasa.

Weka tarehe moja kwenye kalenda: Jumapili ya mwisho ya Januari. Kama kufikia siku hiyo hujakimbia kilomita 16 angalau mara mbili, au kesho yake ukibonyeza panauma, usikimbie 21 mwezi unaofuata. Pale Moshi zipo kilomita 5. Kimbia hizo taratibu, uione njia, na uhamishie nusu yako kwenye mbio nyingine za katikati ya mwaka.